Mstari Uliofunikwa na Vumbi

Kama hujawahi kukutana na harufu ya tenga la kuku lililonyeshewa mvua, sijui nikusaidieje. Ni manyoya mabichi, fito zilizoanza kuoza, pumba, na ile mbolea yenyewe ambayo sihitaji kuitaja. Wiki iliyopita lori lililotoka Singida liliharibika mbele ya kibanda changu cha ushonaji hapa Dodoma, limesheheni matenga mpaka juu. Wateja wangu wawili waliziba pua kwa vitenge wakaondoka wakilalamika. Mimi nikatoka nje, nikasimama karibu na lile lori kama mwehu, nikavuta pumzi mpaka dereva akaniuliza, "Dada, unatafuta kuku?" Nikamwambia hapana. Nilikuwa nalia, na ningeanzaje kumweleza mtu nisiyemjua kwamba hiyo ni harufu ya dada yangu?

Baba yangu alikuwa mchuuzi wa kuku. Tuliishi kijijini, si mbali sana na Kiomboi, na kila kulipopambazuka yeye alikuwa ameshafunga tenga nyuma ya baiskeli na kuondoka. Alinunua mmoja mmoja, huku jogoo, kule mitetea wawili, tenga likajaa taratibu mpaka jioni. Kesho yake aliwapeleka stendi wakapandishwa basi la mjini. Kwa kazi hiyo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyefika mbali kuliko yeye. Alijua njia zote za baiskeli, alijua mbwa wa kila boma, na alijua ni mama gani humshindilia kuku mahindi asubuhi ili aonekane mzito. Mama huyo alisalimiwa kwa heshima zote, lakini kuku wake hakununuliwa mpaka saa nane mchana.

Kwetu kila boma limezungushiwa minyaa, ile miti ya vijiti vya kijani visivyo na majani. Ukikata kijiti ukakichomeka ardhini kinaota, hata ukikisahau. Utomvu wake ni mweupe na ukiingia jichoni unaweza kukupofusha, kwa hiyo watoto tulionywa kuuhusu kabla hatujaonywa kuhusu moto. Nyuma ya ua wetu aliishi Mama Yona. Yeye na mama yangu waligombana kupitia ule ua karibu kila siku, bila kuonana, kwa sababu ya kuku waliokuwa wakipenya, na jioni Mama Yona huyo huyo alipitisha bakuli la mlenda kwenye tundu lile lile waliloligombania. Basi mimi nilikua nikijua jambo moja kwa hakika, kwamba kila mahali pana ua, na nyuma ya ua pana jirani.

Dada yangu aliitwa Damari. Alinizidi miaka mitano, na mimi aliniita Kifaranga kwa sababu sikubanduka nyuma yake. Alizaliwa na ule ugonjwa wa damu ambao leo watu wanauita selimundu. Enzi hizo jina hilo lilibaki kwa daktari, sisi nyumbani tuliuita tu "mifupa." Tulisema mifupa imeamka, au mifupa imelala, kama vile tulikuwa na mgeni mkorofi chumbani. Ilipoamka, Damari alijikunja kitandani akang'ata pindo la blanketi ili asipige kelele. Ilipolala, hakuwa na mfano kwa utani. Aliweza kumwigiza mchungaji, mwalimu mkuu, na Mama Yona akimwita kuku wake, mpaka kuku wenyewe wakaja.

Adui yake mkubwa alikuwa baridi. Mnaoijua Singida mnaujua ule upepo wa mwezi wa saba, unaokausha midomo na kupenya kwenye sweta. Msimu huo Damari alikaa mchana kutwa ameegemeza mgongo kwenye ukuta wa tembe letu, nyumba yetu ya udongo, upande unaopigwa na jua, kwa sababu udongo ule ulihifadhi joto. Alisema yeye ni mjusi. Mimi nilikaa pembeni yake nikiwa mjusi mdogo, ingawa mifupa yangu haikuwa na tatizo lolote.

Mama, kila mifupa ilipoamka, alimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto na kumwambia maneno yale yale.

"Yataisha, mwanangu. Hakuna kitu kisichoisha."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa."

Nilisikia mazungumzo hayo mara nyingi mno hata nikaacha kuyasikia. Damari hakuacha. Aliyashika maneno yale kwa mikono miwili, na kila mara alitaka yarudiwe mpaka mwisho. Mama alipochoka akasema tu "yataisha" na kunyamaza, yeye alisubiri, macho yake ya manjano yamemkazia, mpaka mama amalizie.

Sasa shule ndiyo iliyoleta balaa. Damari alihudhuria kwa kuruka-ruka, wiki yupo, wiki hayupo, lakini siku moja alirudi amenuna, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wake. Nikamfuata.

"Kifaranga," akasema, "mwalimu kasema kuna wataalamu wanaosema ulimwengu hauna mwisho."

"Unaenda wapi sasa?"

"Hauendi mahali. Haukomi tu."

Nilifikiri kidogo. "Haiwezekani. Lazima kuna ua."

"Wa minyaa?"

"Wa minyaa."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Haya. Na nyuma ya ua?"

"Jirani." Nilimshangaa kwa kuniuliza.

Hapo akaacha kucheka. Alichora duara mchangani kwa kidole, akachora jingine limeshikana nalo, kisha jingine. "Jirani naye ana ua wake," akasema. "Na nyuma ya ua wake kuna jirani mwingine. Kifaranga, hiyo ndiyo haukomi yenyewe." Akayafuta yote kwa kiganja. Mimi nilidhani amekasirika kwa kuwa nimejibu vizuri kuliko yeye, nikajiona nina akili sana.

Jumapili ile, kwenye mafundisho ya watoto, nilinyoosha mkono nikamuuliza mwinjilisti jirani wa Mungu anaitwa nani. Aliniuliza ninamaanisha nini. Nikamweleza habari ya ua. Alinitoa nje nikae na wanaonyonyesha. Mama aliona aibu hakula mchana, na baba alicheka mpaka akaweka chini tonge lake. Damari ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Baba," akasema, "wewe unafika mbali. Umewahi kufika mwisho?"

"Mwisho wa nini, mama?" Baba alimwita hivyo kwa sababu alirithi jina la bibi yetu.

"Wa kila kitu."

Baba alimtazama. Nadhani alitaka kutania, kisha akaghairi. "Sijafika," akasema. "Lakini nimeuona." Akatueleza kwamba kule anakoishia kununua kuku, nchi yetu ya juu inakatika ghafla. Ukisimama kwenye mwamba, chini ni bonde la Wembere, tambarare tupu, na mbele kabisa mbingu inashuka mpaka inagusa ardhi. Pale zinapogusana kuna mstari. Umenyooka kama pindo la kitenge.

"Mstari kweli?"

"Mstari kweli."

"Nipeleke."

Mama aliingilia. "Baba Damari, usimwahidi mtoto. Huyu hawezi kukaa kwenye keria. Barabara yenyewe mawe matupu."

"Nitamtia kwenye tenga," akasema baba, na mama akasonya, lakini hakusema hapana.

Haikuwa mara moja. Ule mwezi wa saba mifupa iliamka vibaya, Damari akalazwa Kiomboi, akarudi amekonda na miguu imevimba. Wauguzi walimwambia anywe maji mengi na asipigwe baridi. Tukasubiri upepo upite. Kwa hiyo ilikuwa mwezi wa kumi, joto limeshika, baba alipoliosha tenga lake kubwa kisimani na kulianika juani. Aliliosha tena, na tena. Harufu haikutoka. Akaondoa kifuniko, akaweka gunia la majani makavu, juu yake blanketi la mama, akamnyanyua Damari akamketisha humo na chupa ya maji mapajani. Mimi nikakaa kwenye bomba la mbele. Mama alitusindikiza mpaka kwenye mlango wa ua, akiwa bado anatoa maagizo.

Sijawahi kusafiri tena safari kama ile. Watu wote njiani walimjua baba, na wote walitaka kujua mzigo wake. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alitusimamisha. Tukampa shikamoo, akaitikia, akachungulia.

"Leo umebeba nini, bwana kuku?"

"Mtetea."

Damari akatetea kule ndani ya tenga, sauti ya kuku anayetaka kutaga, hasa. Mzee akacheka mpaka fimbo ikamdondoka.

"Bei gani?"

"Huyu hauzwi," akasema baba, akakanyaga pedali.

Tulipofika, baba aliegemeza baiskeli kwenye jiwe, akambeba Damari mgongoni, nami nikakimbia mbele kwa sababu nilitaka kuwa wa kwanza kuuona ua wa Mungu. Mwamba ulikuwepo kama alivyosema. Nchi ilikuwa imekatika kama alivyosema.

Ila ulikuwa mwezi wa kumi. Mashamba yalikuwa yamechomwa, ng'ombe walikuwa wakitimua vumbi huko chini, na mvua ilikuwa haijaonekana tangu Aprili. Chini kulikuwa na ukungu wa rangi ya kahawia, juu kulikuwa na rangi hiyo hiyo, na hukuweza kusema hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi. Hapakuwa na mstari wowote. Hata miti ya bondeni ilififia kidogo kidogo mpaka ikawa si kitu. Mimi nilitafuta minyaa, nikakata tamaa, nikaanza kuulizia viazi tulivyofungiwa na mama.

Damari aliangalia muda mrefu. Baba alikuwa amemketisha mbele yake, mikono imemzunguka.

"Baba, uko wapi?"

"Upo. Vumbi limeufunika tu."

"Labda haupo."

"Nimeuona kwa macho yangu haya, Damari. Mvua ikinyesha vumbi litatulia. Tutarudi, utauona."

"Usinidanganye."

"Sikudanganyi."

Damari akasema, taratibu, akiwa bado anatazama kule bondeni, "Kama haupo, mimi nitafanyaje?"

Baba alinyanyuka akaenda kwenye baiskeli, akaanza kukaza kamba za tenga, kamba ambazo alizikaza mwenyewe asubuhi na hazikuwa zimelegea. Alizikaza kwa muda mrefu. Tulikula viazi vyetu. Wakati wa kurudi yule mzee wa mbuzi alipaza sauti kutoka mbali, "Vipi, umemuuza?" Baba akapiga kengele tu, akapita.

Tangu siku hiyo Damari akawa anangojea mvua kuliko mkulima yeyote pale kijijini. Aliangalia mawingu asubuhi, akawauliza wapita njia kama huko watokako kumenyesha. Mama Yona alisikika nyuma ya ua akiuliza mtoto yule ana shamba gani la siri. Mvua ilikuja mchana mmoja, karibu na Krismasi, kubwa, ya kelele, na kesho yake hewa ilikuwa safi hata ungeweza kuhesabu mawe ya kilima cha mbali. Damari alisimama kizingitini amejifunika shuka.

"Baba, twende."

"Kesho," akasema baba, na alimaanisha. Nilimwona akiipaka baiskeli mafuta.

Lakini mvua ile ile iliyotuliza vumbi ilileta baridi, na usiku mifupa ikaamka. Asubuhi baba alimtia kwenye tenga, juu ya majani yale yale na blanketi lile lile. Mimi niliachwa kwa Mama Yona. Nilisimama kwenye mlango wa ua wakati baba anamfunika miguu.

"Kifaranga," Damari akaniita. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Ukienda kule kabla yangu, uangalie vizuri. Uje uniambie."

Mwisho wa kijiji chetu kuna njia panda. Kushoto ni njia ya Wembere na kulia ni njia ya hospitali. Nilikimbia nyuma yao mpaka pale, kwa sababu nilikuwa bado natumaini. Baiskeli ikashika kulia.

Alifariki Jumamosi asubuhi. Waliomhudumia walijitahidi, mama alisema hivyo kila alipoulizwa na mpaka leo husema hivyo. Walimleta nyumbani kwa gari, na mimi nakumbuka nilikasirika kwamba Damari hatimaye amepanda gari na hakunisubiri. Alizikwa nyuma ya ua wetu, mwanzo wa shamba la mtama. Watu walipotawanyika baba alichukua panga, akakata vijiti vya minyaa, akavichomeka kuzunguka kaburi lote kimoja kimoja. Utomvu ulimwagikia mikononi na hakujali.

Nilimtazama akifanya kazi ile nikaelewa jambo kwa namna yangu. Damari sasa ana ua wake. Amekuwa jirani. Jioni yake nilichukua kiazi changu, nikakipitisha kwenye tundu baina ya vijiti, kama alivyokuwa akifanya Mama Yona na bakuli la mlenda. Mama alinikuta pale. Hakunigombeza. Alikaa chini kwenye udongo mbichi akanivuta kwake, akalia kwa Kinyiramba, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa lugha yoyote.

Baba aliacha kununua kuku kwa muda. Baiskeli ilisimama ukutani, mahali pale pale penye joto. Kisha asubuhi moja aliitoa bila kumuaga mtu, akaniweka kwenye bomba la mbele, tukaondoka. Tenga lilikuwa bado limefungwa nyuma, tupu, na blanketi la mama ndani yake. Mzee wa mbuzi alituona, akavua kofia.

Mstari ulikuwepo. Bonde lilikuwa limeoshwa, kijani kimeanza, na huko mbali kabisa mbingu ilikuwa imeshuka ikagusa ardhi, na pale zilipogusana palikuwa na mstari umenyooka kama pindo lililoshonwa na fundi anayejua kazi yake. Baba aliunyooshea kidole.

"Ule pale," akasema. Sauti yake haikuwa ya kuongea na mimi. "Damari, ule pale, mama."

Nikageuka kuangalia kwenye tenga.

Hapo ndipo baba alipopiga magoti kwenye mwamba akalia kwa sauti. Sikuwahi kumsikia mwanamume mzima akilia, na nilichofanya ni kupiga kengele ya baiskeli, nikipiga tena na tena, kwa sababu ndicho nilichojua kumfurahisha nacho.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba dada yangu alikuwa mtoto mwenye udadisi wa mambo ya nyota, na hivyo ndivyo nilivyowasimulia watu. Kijana wangu aliyeko sekondari naye anayapenda mambo hayo. Ananiambia kwamba tunaona mpaka pale tu ambapo mwanga umepata muda wa kutufikia, na kwamba ng'ambo ya hapo hakuna aliyeona. Huenda pana mwisho, huenda hapana, na hata kama upo hakuna chombo cha kuufikia. Anaeleza kwa furaha, macho yanang'aa. Mimi huinamia cherehani yangu.

Nilimwelewa Damari siku moja kijana wangu huyo alipokuwa mdogo, ana homa kali, analia kwenye mapaja yangu, nami nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Yataisha, mwanangu. Hakuna kitu kisichoisha." Niliyasikia maneno yale kwa masikio ya Damari. Mama alimwahidi kwamba hakuna kisichoisha, hakuna kabisa, na mwalimu akaja kumwambia kwamba kipo kimoja kisichoisha. Na kama kipo kimoja, kwa nini visiwe viwili? Hakuwa akiuliza habari za nyota hata kidogo. Alitaka kuonyeshwa kitu kimoja tu chenye mwisho, akione kwa macho, ili aweze kuvumilia. Baba alielewa. Ndiyo maana alimtia kwenye tenga akamkokota juani njia yote ile, maana hakuwa na dawa nyingine ya kumpa, na walipofika vumbi likamnyima. Bado lina hasira nami jambo hilo, au mimi ndiye nina hasira nalo. Miezi miwili tu ya vumbi.

Siku hizi baba ni mzee na macho yake yameingia ukungu. Minyaa ya kaburini imekua imepita paa la nyumba. Kila ninaporudi, kabla sijaenda nyumbani, namwomba kijana wa bodaboda anipitishe kwanza kule kwenye mwamba, naye hushangaa lakini hunipeleka. Nikifika nyumbani nampa baba shikamoo, naye, hata hajaniuliza habari za safari, huuliza, "Upo?"

"Upo, baba."

Kisha nazunguka nyuma, nainama kwenye tundu la ua wa Damari, namwambia na yeye.